Wino ya Kidole ya Sebit

Severino,

Kama umefika kutoka Koboko, maharagwe iko kwa sufuria nyeusi. Weka moto kidogo tu, isiungue. Ufunguo ya stoo iko kwa jirani, Paska.

Mimi na Sebit tumerudi kanisani kwa watu wa chanjo, kabla hawajahamia Manibe. Asubuhi walikuwa wanachoma watoto sindano ya surua. Mutoto akishachomwa, wanamupaka wino kwa kidole ndogo. Mimi nilikuwa nyuma kwa mustari. Nesi aliona kidole ya Sebit iko na wino tayari, akamupitisha. Nikajisifu kwa watu: mutoto yangu hata hakulia!

Nyumbani namuogesha, wino inatoka yote. Kumbe alijipaka mwenyewe na kalamu yako ya biro, ile uliacha Krismasi.

Nilimupigia kelele. Akasema, "Nangoja baba anishike." Sindano ya mwaka jana ulimushika wewe, kwa magoti yako.

Leo nitamushika mimi. ~~Rudi upesi.~~ Osha sahani ukimaliza.

Tukitaka kutoka nyumbani ameniuliza kama anipake mimi pia hiyo biro. ~~Nimekataa.~~ Kidole yangu iko buluu.

Mama Sebit