Kibao Cheusi cha Mhandisi

Kabanga,
9 Februari 2025

Mpwa wangu Joyness,

Marahaba, maana najua shikamoo umeshaitoa kabla hata hujafungua bahasha. Mimi ni mzima. Viatu vinatoka, mvua inanyesha, mgongo unauma kidogo kwa kuinamia marobota. Wewe je? Maharage ya hapo shuleni bado yana wadudu, au siku hizi mnapewa wadudu peke yao? Msalimie mwalimu wako wa michezo, Projestus.

Sasa keti. Mjomba wako ana bahati ambayo watu wengine wanaisikia redioni tu. Uliniandikia kwamba unataka raketi ya mpira wa meza yenye kaboni, ya mtu wa kushambulia. Basi juzi nilikuwa Lusahunga kufuata mzigo, nimekaa na supu yangu, akaingia mhandisi mgeni, wa hawa wa barabara, mrefu, miwani mpaka masikioni. Tukaongea. Unanijua, nimekuwa utingo wa malori, nimefika Kampala, nimefika Lubumbashi, kila lugha naijua kwa kuombea maji na kutukania. Tulipofika kwenye michezo nikakutaja wewe. Yule mtu akanyanyuka, akaenda kwenye gari lake, akarudi na raketi ya kaboni. Bure. Watu wote wale wanakunywa supu, akanipa mimi.

Na afadhali, kwa sababu zinazouzwa hapa kwetu zinanitia kinyaa. Kuna jamaa pembeni ya stendi amezianika raketi chini kama dagaa. Unashika moja, mpini unacheza kama jino bovu. Raba zimebandikwa kwa gundi ile ya soli, harufu yake naijua hata nikiwa na mafua. Eti hiyo nayo ni kaboni. Nikamuuliza, kaboni ya mkaa? Nikatema mate mbele ya miguu yake. Mtu anauzia watoto wa wenzake uchafu, halafu jioni anakula na kushiba.

Yako ni kitu kingine. Nyeusi, inang'aa, unaweza kutazamia meno. Nimeigonga kwa ukucha, nimeinusa. Muuza viatu hadanganywi. Inakuja na basi, utaikuta Lusahunga kwa Francisca, yule wa ndizi za kuchoma. Mwezi wa tano kwenye mchujo pale Ngara, huyo binti Anneth unayemuota kila siku, mchape mpaka aulize njia ya kwao.

Mjomba wako mwenye bahati,
Ansbert


Nyantakara,
2 Machi 2025

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mgongo umepata nafuu. Mimi sijambo, na wadudu wa kwenye maharage hawajambo. Mama alikuja kunitembelea, anakusalimu, anasema dada yako Rozalia bado yuko hai kama umesahau.

Raketi ilifika. Bweni zima lilipanga foleni kuishika. Unajua mimi nimekulia kwenye ile aliyonichongea fundi Celestini wa parokiani, mti mzito, soli ya kandambili pande zote mbili. Unapiga kwa nguvu zako zote, mpira unaondoka kama mtu aliyetumwa dukani asikotaka kwenda.

Mjomba, unisamehe kwa ninayokwenda kusema. Jumamosi tulicheza na shule moja ya Biharamulo mjini. Jua lilikuwa kali. Nilipoanza kutoka jasho, kiganja kikawa cheusi. Nikishika mpira ili nianzishe, unabaki na alama za vidole. Mwamuzi akausimamisha mchezo, akaleta mpira mwingine, nao ukawa hivyo hivyo. Wakaanza kuniita fundi gereji. Mwishoni yule msichana alikataa kunipa mkono, akaufuta wake kwenye sketi kabla hata sijaugusa.

Jioni niliisugua kwa kitambaa. Maji yakatoka meusi kama ya kuoshea sufuria la msibani. Mti ukabaki mweupe, wa kasha la nyanya kabisa. Pembeni, pale ambapo mwalimu anasema ungeona tabaka za mti zimepangana na uzi mweusi wa kaboni katikati yake, palikuwa na mstari wa kalamu. Na ile harufu, mjomba, ni ya rangi ya viatu. Nikaitoa nje ya bweni.

Simlaumu mtu. Labda mhandisi naye alidanganywa huko kwao. Naomba jina lake nimwandikie kwa heshima, asije akanunua tena hapo. Mwalimu Projestus anasema baada ya mchujo wa Ngara ni msichana mmoja tu atakayekwenda Bukoba kwenye mashindano ya mkoa. Mama ameshasema nisipokuwa mimi, basi, mambo ya meza yaishe nishike madaftari. Na kwa ile ya Celestini, Anneth simuwezi.

Mpwa wako,
Joyness


Kabanga,
16 Machi 2025

Mpwa wangu,

Marahaba. Mgongo umepona, sasa kinachouma ni nyongo. Barua yako niliisoma nimesimama, nikakaa, nikasimama tena. Rangi ya viatu! Nina hakika ni dereva wa mhandisi ndiye aliyeibadilisha kule kwenye gari, uso wake haukunipendeza. Mhandisi mwenyewe amesafiri, simu yake haipatikani, na jina lake ni la kutamka huku umeshika shavu, siwezi kuliandika. Niachie mimi.

Lakini mtu kuchukua kasha la nyanya, akalipaka, akalichora, akalitia mkononi mwa mtoto! Nimekuwa nikiona uchafu duniani, nimelala mpakani na mizoga ya ng'ombe kwenye lori la mbele, sijawahi kuchefuka hivi.

Sikukaa bure. Hapa Kabanga yuko fundi baiskeli anaitwa Ndikuriyo. Zamani alichezea timu ya mpira wa meza ya Muyinga, upande wa pili wa mpaka, hadi goti likaharibika, sasa anachechemea. Nikamwambia mpwa wangu anashambulia, anataka kibao chenye kasi kuliko vyote. Akacheka, akaniambia kwanza tofautisha, kibao ni huo mti, raba unabandika baadaye na unabadilisha unavyotaka, lakini mti ukikosea umekosea. Akaniuliza unapigaje. Nikachukua kiatu cha mtu nikamwonyesha, mkono unatoka huko kiunoni kama unafyeka majani.

Akasema, "Huyo amefundishwa na kandambili." Kaboni, anasema, huwekwa mahali pawili. Ikikaa karibu na ngozi ya nje, kibao kinakuwa kikali, ukigusa tu mpira umekwenda, ni cha mtu mwenye mkono mfupi anayejua kujizuia. Wewe ukipewa hicho, mipira yako yote itaangukia Burundi. Kaboni ikikaa ndani, jirani na moyo wa mti, ukipiga kwa nguvu inaruka, ukigusa polepole inakaa kimya, inakungoja. Hicho ndicho chako. Kukijua, angalia pembeni, halafu gonga. Cha nje kinalia kama kioo, cha ndani kinalia kama mlango wa jirani.

Halafu akanitolea cha kwake. Mpwa wangu, nilirudi nyuma. Mpini umekuwa mweusi kwa jasho la miaka, umezungushiwa plasta ya hospitali, ukingo umetafunwa kama na panya, harufu ni ya beberu. Anakiweka ndani ya soksi. Soksi! Nikamwambia hicho hata adui yangu simpi. Akakirudisha kwenye soksi.

Wewe usijali maneno ya fundi baiskeli. Mhandisi akirudi atakupa kipya, ndani ya sanduku lake, chenye kasi kuliko hata cha Anneth. Nimeshasema.

Mjomba wako,
Ansbert


Nyantakara,
25 Mei 2025

Mjomba wangu,

Shikamoo. Unaumwa? Nauliza kwa sababu kifurushi kilifika kwa Francisca kimefungwa kwenye gazeti na kamba ya viatu, bila barua. Nilitikisa gazeti zima. Wewe ambaye hata ukituma ndizi unaandika kurasa mbili.

Nakuambia ukweli, nilipofungua nilikisukuma pembeni. Ile harufu. Mpini unanata, plasta imegeuka rangi ya ugoro. Nilikumbuka kile cha soksi, lakini ulisema hicho hata adui yako humpi, basi nikajua ni cha mhandisi mwenyewe. Rafiki yangu Aline alisema nioshe mikono kabla ya kushika na baada ya kushika. Lakini nikakitazama pembeni. Tabaka zipo, mjomba, tano za mti, na nyuzi mbili nyeusi, zote zimekaa ndani jirani na moyo. Nikakigonga. Kililia kama ulivyosema, kama mlango wa jirani.

Mwalimu Projestus alibandika raba zake mwenyewe. Siku za kwanza nilipiga mipira ukutani. Baadaye mkono ukaelewa. Sikujua kwamba mpira unaweza kukaa kidogo pale kwenye mti, ukakuuliza unataka kwenda wapi.

Alhamisi tulikuwa Ngara. Anneth ana kibao cha nje, kipya, kinalia kama kioo. Akipiga huoni kitu. Aliniongoza, watu wakaanza kubeba viti waondoke. Nikaacha kushindana naye kwa kasi, nikawa naugusa mpira mfupi nyuma ya wavu, anakuja mbio anaugusa, wake unaruka juu, mimi naufyeka. Mfupi, juu, nafyeka. Alikuwa anakitazama kibao chake kama kimemsaliti. Mjomba, mimi ndiye ninayekwenda Bukoba. Mama alilia, halafu akasema alikuwa anajua siku zote.

Waliniita niseme neno. Nikamshukuru mama, mwalimu, wewe, na yule mhandisi wa Lusahunga aliyenipa kibao. Watu walipiga makofi sana kwa mhandisi.

Kuna mzee mmoja alikuwa dirishani, ameegemea baiskeli, anachechemea. Mchezo mzima midomo yake ilikuwa inatembea. Nikigusa mfupi anaitikia kwa kichwa. Nilitaka kumsalimia, lakini nilipomaliza kumtaja mhandisi niliona anageuza baiskeli, akaondoka akiikokota, hakutazama nyuma. Sijui alikuja na nani.

Mkuu wa shule anataka kumwandikia mhandisi barua ya shukrani yenye muhuri, na kumkaribisha siku ya mahafali akae meza kuu. Naomba jina lake, hata kama ni la kushika shavu.

Mpwa wako anayekwenda Bukoba,
Joyness


Kabanga,
1 Juni 2025

Mpwa wangu Joyness,

Marahaba. Siumwi. Hongera, mama yangu mdogo. Nilisoma pale pa Anneth kwa sauti, wateja wakadhani nimechanganyikiwa.

Mwambie mkuu asiandike.

Yule uliyemwona dirishani ni Ndikuriyo. Kibao ni chake. Nilirudi kwake mwezi wa nne, baada ya kuzunguka kote na kuona vile vile vilivyopakwa rangi, nikamwomba kile nilichokitukana. Hakunidai chochote. Alikitoa kwenye soksi, akakishika muda mrefu, akaniambia, "Mwambie mtoto ni cha Ndikuriyo." Hilo tu ndilo alilotaka. Goti limekwisha, hana mtoto anayecheza, alitaka mahali fulani kwenye meza jina lake liwe linapiga.

Nikakaa kuandika. Nikachana. Nikaandika tena, nikachana. Maana nikimtaja Ndikuriyo, mhandisi anakufa, na mimi nakufa naye. Nikafunga gazeti, nikapakia kwenye basi bila neno. Yeye akaendesha baiskeli mpaka Ngara, kwa milima ile na goti lile, kwenda kusikia jina lake.

Juzi alikuja kwangu. Akakaa juu ya robota. Akasema, "Nimesikia mhandisi amefurahi." Akaniomba kamba ya kiatu, akaondoka. Tangu hapo nikijiona kwenye kioo cha wateja nageuza uso, kama mtu aliyekanyaga kitu.

Mwandikie yeye kwanza, kabla ya mtu mwingine yeyote. Francisca ampe dereva, ataletewa hapa hapa kwenye mti anapotundika pampu zake za baiskeli. Na huko Bukoba wakikuuliza kibao ni cha nani, liseme jina lote kwa sauti, liende mpaka mlangoni. Meza kuu akae yeye. Mimi nitasimama nje na nitapiga makofi.

Ile nyeusi niliinunua kwa yule jamaa wa pembeni ya stendi, yule niliyekuandikia kuwa nilimtemea mate. Sikumtemea. Niliichagua mwenyewe kati ya zote kwa sababu iling'aa, nikacheka naye, nikamwita ndugu. Na rangi aliyopakia ni ya kopo langu, alikuwa ameliazima kwangu asubuhi ile, lile ninalopakia viatu vilivyochoka nikiwauzia watu kama vipya. Nikainusa raketi, nikanusa kopo langu mwenyewe, nikasema hii ndiyo kaboni.

Lusahunga nilikunywa supu peke yangu. Hakuna mhandisi. Sijapewa kitu na mtu, na bahati sina.

Mjomba wako,
Ansbert