Hesabu ya Mateke

Mdogo wangu mpenzi,

Nakusalimu kwa moyo wote, nikitumaini kwamba goti lako limepata nafuu na kwamba watoto wa hapo nyumbani hawajambo. Ukiuliza hali yangu, mwili ni mzima. Mengine yamo humu. Tafadhali kaa kitako kabla ya kuendelea kusoma.

Unajua kwamba mwanao, kitindamimba wangu tunayemwita Kitinda, alihamia kwangu mimba yake ilipotimia miezi saba, kwa kuwa mumewe, dereva wa lori, hukaa safarini wiki tatu nzima. Nilimtandikia chumba cha karibu na choo, maana alikuwa haishi kwenda. Mwenyewe alisema kwamba kibofu chake kimepangishwa mtu mwingine, naye amebakiziwa kijikona. Ulimi huo ameurithi kwako.

Mwezi wa nane ulikuja na vyake. Miguu ilivimba hata viatu vikamkana, akawa anavaa ndara za marehemu shemeji yako. Kiungulia kilimpanda kila alipolala, nikamzoeza kula kidogo kidogo na kuketi wima saa nzima baada ya chakula. Nilimwekea mto mmoja katikati ya magoti na mwingine chini ya tumbo, alale kwa ubavu wa kushoto kama mkunga alivyoagiza. Misuli ya miguu ilipomkaza, nilimvuta vidole kuelekea gotini mpaka maumivu yakaachia. Kila jambo nililifanya kwa saa yake, unanijua. Kitinda alilalamika kwamba hata jela mtu huruhusiwa kukohoa bila ratiba. Siku alipolia kwa maumivu ya kiuno, nilimwambia kwamba mimba si ugonjwa, na kwamba mimi niliwabeba watatu huku nikifundisha kwa kusimama mpaka wiki ya mwisho. Tangu hapo alipunguza kunieleza yaliyomsumbua.

Mkunga alimpa karatasi yenye vyumba vya siku, asubuhi na jioni. Kitinda alitakiwa alale kwa ubavu, ahesabu mateke ya mtoto, kisha aandike idadi. Akiona yamepungua, aende kliniki siku ileile, asingoje tarehe yake. Maelezo yalikuwa wazi, kwa herufi kubwa. Mimi mwenyewe nilimsomea.

Alijaza vizuri kwa wiki mbili. Mara nyingine alisinzia, nami nikaweka kiganja tumboni na kumhesabia, akiamka tukaandika. Mtoto alikuwa na fujo ya furaha. Kitinda alisema huyu atakuwa fundi wa milango, kwa jinsi anavyogonga.

Jumatano na Alhamisi ya wiki iliyopita hakuandika kitu. Misuli ilikuwa imemtesa, akapitiwa na usingizi mchana kutwa. Nilifurahi kwamba amepata kupumzika, nikaenda zangu kufua. Ijumaa, tukijiandaa kwenda kliniki, yeye akiwa bafuni, niliikunjua karatasi nikaona vyumba vinne vitupu.

Ndugu yangu, nimeshika daftari la mahudhurio miaka thelathini na miwili, na sikuwahi kulirudisha ofisini likiwa na pengo. Nilimwonea haya mkunga. Niliogopa atasema kwamba bibi mzima, mwalimu mkuu mstaafu, ameshindwa kusimamia karatasi moja. Nikachukua kalamu nikaandika kumi na mbili, kumi, kumi na moja, kumi na mbili. Nilizibadilisha kidogo ili zifanane na kweli.

Huko kliniki foleni ilikuwa imefika mlangoni. Mkunga alipima tumbo, akasikiliza moyo wa mtoto, akasema unapiga. Kitinda akamweleza kwamba siku hizi mbili anamwona mtoto mvivu. Mkunga akaitazama karatasi, akacheka, akasema kwamba mvivu huyo jana jioni tu amepiga mateke kumi na mawili, na kwamba wengi hudhani hivyo nafasi inapokuwa finyu. Arudi Ijumaa inayofuata. Kitinda alinigeukia. Tulipotoka nje aliniuliza kama nilimhesabia alipokuwa amelala. Nikamwambia ndiyo.

Jumatatu aliamka akiwa na uso wa majivu. Hospitalini daktari alipitisha kipimo tumboni upande huu na upande ule, akamwita mwenzake, naye akapitisha. Kisha wakakizima. Mtoto amefia tumboni. Kesho asubuhi Kitinda atapewa dawa ya kuanzisha uchungu, amzae.

Daktari alisema huenda kondo la nyuma lilikuwa likichoka taratibu, na kwamba dalili yake huwa ni hiyo, mateke kupungua. Aliisoma karatasi yetu mara mbili, akasema haelewi, akaifunga ndani ya faili. Nilikuwa nimesimama mbele yake.

Kitinda anajilaumu. Anasema kwamba siku moja alizinduka akajikuta amelala chali, na kwamba amemuua mwanawe kwa usingizi. Ameniomba msamaha kwa kunisumbua bure miezi yote hii. Mumewe amepigiwa simu. Yumo njiani, ila hatafika kabla ya keshokutwa.

Leo mchana nilikwenda wodini nikiwa nimeazimia kumwambia. Niliketi kando ya kitanda. Kabla sijafungua kinywa alinishika mkono akanishukuru. Alisema anafarijika kwamba zile siku mbili alizolala, kulikuwa na mtu aliyekuwa pamoja na mwanawe. Kisha akaniuliza Alhamisi alipiga upande gani.

Nikamwambia upande wa kulia, chini ya mbavu. Akaweka kiganja chake hapo, akafumba macho.

Njoo, mdogo wangu, uje kwa ajili yake. Mimi usiniletee faraja. Sina pa kuiweka. Ukiona ni haki aambiwe, mwambie wewe, kwa maana kinywa changu sikiamini tena, na nijuavyo, akiniuliza habari za Jumatano nitamjibu.

Wafikishie salamu wote wanaoniulizia, lakini barua hii usiwasomee.

Ni mimi,
Dada yako