Doa la Oili kwenye Zege la Baba Mkwe

Jumamosi jioni, Rhotia. Baridi ya Julai bado ipo, ila jua limewaka tangu asubuhi na mimi nina furaha ya kijinga kabisa. Mikono inanuka magadi, mgongo haunyooki.

Nimeshinda.

Niko ukweni wiki hii. Tumekuja na mke wangu na binti yetu Neema kusaidia kuvuna maharage. Mwaka huu baba mkwe amemwaga zege kutoka getini hadi barazani. Magari yapite, sawa, lakini hasa apate pa kuanika maharage bila kuokota mawe. Analiringia zege hilo kanisani hadi mnadani.

Jumanne alipanda basi kwenda Wasso kumwona dada yake anayeumwa, akaniachia nyumba. Mimi, dereva wa watalii, mtu wa Moshi nisiye na hata robo eka. Miaka sita nimemwoa binti yake na bado ananiita "dereva". Huwa nacheka, lakini inaniuma.

Jumatano asubuhi nikasogeza gari langu, nikakuta dimbwi jeusi la oili katikati ya zege.

Nakiri: nilijua sili ya injini, ule mpira unaozuia oili, inavuja. Nilijua tangu Mei.

Nikafanya tunavyofanya madereva oili ikimwagika njiani: nikamwagia udongo. Nikasahau udongo wa huku ulivyo mwekundu. Mchana nilikuwa na doa jeusi lenye ukingo mwekundu. Nikajaribu petroli, likatanuka. Na maharage yalikuwa yaletwe Jumamosi, siku ileile anayorudi mzee. Maharage yakishanuka oili, jasho la msimu mzima limekwenda.

Mama mkwe alikuwa akinitazama kutoka jikoni. Kwa heshima, mimi naye hatuongei mengi. Alhamisi akaja na kopo la magadi anayopikia makande, akaliweka chini hatua chache kutoka nilipo.

"Baba Neema, hii inalainisha maharage magumu. Oili nayo itaishinda?"

Akarudi jikoni bila kusubiri jibu.

Nikayatwanga magadi yale, nikayakoroga kwa maji ya moto mpaka yakawa kama uji mzito, nikapaka, nikafunika kwa gunia hadi asubuhi. Jana nikasugua kwa brashi ngumu, likatoka povu la kahawia. Nikapaka tena, nikasugua tena. Mara ya tatu zege likatokea, safi! Nilipiga kelele mpaka kuku wakakimbia.

Kisha nikaona balaa jipya. Pale palikuwa peupe kuliko kwingine kote. Mtu yeyote angeuliza pana nini.

Basi nikasugua zege zima. Lote, geti hadi baraza. Magadi yakaisha, mke wangu akaleta mengine kutoka dukani huku akinicheka. Nimemaliza leo saa nne asubuhi.

Mzee amefika mchana, akapita juu ya zege asione kitu. Ningeweza kunyamaza. Lakini ningekula kila punje ya maharage yale nikiwa na siri moyoni, na nimechoka kuwa mgeni hapa.

"Shikamoo baba. Nimefanya kosa. Gari langu lilimwaga oili kwenye zege lako."

"Marahaba. Wapi?"

Nikaenda kumwonyesha. Nikainama. Nikasogea huku, nikasogea kule. Nikapiga magoti nikanusa.

Doa langu mwenyewe, sikuliona!

Mzee alicheka mpaka akashika nguzo ya baraza. Sijawahi kumwona akicheka hivyo. Halafu akawageukia vijana waliobeba magunia ya maharage kutoka shambani.

"Leteni la kwanza hapa. Mwanangu atalimwaga mwenyewe."

Nikalimwaga. Macho yalikuwa na maji, nikasingizia vumbi la maharage.

Gari limelala nje ya geti. Jumatatu asubuhi, kabla ya jambo lingine lolote, naenda Karatu mjini kununua sili mpya. Dereva anaweza kuvujisha oili kwenye nyumba ya watu. Mimi hapa ni kwetu.