Lebo ya Saizi Thelathini na Mbili

10 Januari

Kaka yangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na mgongo wako umeacha kukusumbua. Sisi huku tunaendelea vizuri. Ni msimu wa sare za shule. Cherehani inalia tangu asubuhi, na vitambaa vya buluu vimejaa chumba kizima hata mkasi nautafuta kwa miguu.

Binti yako hajambo. Jana nimemmalizia sare mpya, saizi thelathini na mbili. Picha yake iko humu ndani, amesimama mlangoni kama kila Januari.

Nakuandikia badala ya kukupigia simu kwa sababu Jumapili ukipiga yeye ndiye anayeidaka, na hili sitaki alisikie kabla mimi na wewe hatujaelewana. Mwezi wa nne anatimiza miaka kumi na minne. Wenzake wamekwisha kuvunja ungo, au wako mlangoni. Yeye hana dalili hata moja. Ukimtazama kwa nyuma utadhani ni wa darasa la nne. Shuleni wamempa jina: Chekechea. Wakimwita hivyo anacheka pamoja nao, lakini foronya yake naifua mimi, kwa hiyo najua.

Wewe ulianza lini kukua? Nakumbuka walikutania sana, ila nilikuwa mdogo, sikuwa nimeanza kuandika shajara.

Dada yako.

2 Februari

Mdogo wangu,

Salamu kutoka kwenye moshi na cheche za karakana. Mgongo upo, umeamua tuishi pamoja. Huyo paka wako bado anatoroka?

Umenichekesha. Mimi? Mpaka kidato cha tatu nilikuwa naimba sauti ya kwanza pamoja na wasichana, na mwalimu wa kwaya alikuwa ananiombea nisikue. Kisha ikaja likizo moja nikarefuka mpaka suruali ikageuka kaptula. Mama akauliza ni nani amenimwagia mbolea. Hakuna aliyenipeleka kwa daktari, na leo nainua mabomba ya chuma.

Mtoto wa nyoka ni nyoka. Kachelewa kama baba yake, basi. Mwache, mambo ya mwili hayana kengele ya shule.

Picha nimeibandika juu ya kitanda. Sare imemkaa vizuri. Mkono wako haujapotea.

Kaka yako.

11 Machi

Kaka,

Tumeamka salama, na wewe tunakuombea vivyo hivyo. Paka amerudi na sikio moja limechanika.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilicheka. Mara ya tatu nikamwendea yule muuguzi ninayemshonea magauni ya kazi. Nilimuuliza kijanja, nikasema ni mtoto wa mteja wangu. Akanitazama juu ya miwani. "Na huyo mteja wako analala chumba kipi nyumbani kwako?"

Ikabidi niseme kweli. Akaniambia msichana akifika miaka kumi na mitatu bila dalili yoyote, aonwe na daktari. Mvulana, kumi na minne. Wengi wao hawana ugonjwa, wamechelewa tu kama wewe. "Lakini," akasema, "anayeamua kwamba ni kuchelewa tu awe amempima mtoto, siyo amemkumbuka baba yake."

Nimerudi kwenye shajara yangu. Tarehe 14 Februari: amevaa sweta saa saba mchana, sisi wengine tunajipepea. Tarehe 22: amelala juu ya madaftari kabla jua halijazama. Tarehe 3 Machi: mwalimu wa hesabu ameniita, anauliza imekuwaje mtoto aliyekuwa wa tatu darasani sasa hujibu kama anayeamshwa.

Wewe ndiye baba. Naomba ruhusa yako nimpeleke.

Dada yako.

30 Machi

Dada,

Mimi mzima. Barua nimeipata.

Sitaki mwanangu avuliwe nguo na watu asiowajua kwa sababu ya maneno ya muuguzi mmoja. Barua zako zote ninazo kwenye bati la biskuti. Hebu nikusomee. Januari ya mwaka juzi: saizi ishirini na nane. Mwaka jana: thelathini. Mwaka huu: thelathini na mbili. Umeandika kwa mkono wako, na wewe ndiye mtu anayeandika hadi tarehe paka alipotoroka. Mtoto anayepanda saizi kila mwaka anakua. Sasa ugonjwa uko wapi?

Nimekataa. Tusilirudie.

Kaka yako.

9 Aprili

Kaka,

Leo sina salamu ndefu. Kaa kwanza.

Zile lebo ni za uongo.

Januari ya mwaka jana alisimama mbele ya kioo changu pamoja na wasichana watatu wa darasa lake. Niliwapima kwa zamu nikisoma kwa sauti, ndivyo ninavyofanya siku zote. Wale watatu wote walikuwa wamepanda. Nilipofika kwake, utepe ulisema ishirini na nane, kama mwaka uliotangulia. Nikaona midomo inaanza kumtetemeka. Nikatamka, "Thelathini!"

Nikashona ishirini na nane, nikapanua kiuno kidogo, nikabandika lebo ya thelathini. Siku hiyo alilala na sketi kifuani. Mwaka huu nikarudia, nikabandika ya thelathini na mbili. Na kwa kuwa nilishamwambia yeye hivyo, na wewe nikakuandikia hivyo hivyo. Nilidhani namnunulia mwaka mmoja wa amani, kisha mwili wenyewe utakuja kuifikia lebo.

Daftari la vipimo ndilo sikulidanganya. Miaka mitatu iliyopita kimo chake kilikuwa sentimita mia moja thelathini na tatu. Mwaka juzi mia moja thelathini na saba. Mwaka jana thelathini na nane. Mwaka huu thelathini na nane na nusu. Kiuno ndicho kinachoongezeka. Niliushuku utepe, maana wa kitambaa ukizeeka huvutika, ukasoma pungufu. Nikanunua mpya. Ukasema yale yale.

Kwa hiyo hoja yako yote imesimama juu ya kipande cha lebo nilichokishona mimi. Jumanne ijayo nampeleka. Sikuombi ruhusa tena, nakuarifu. Ukitaka kunilaumu, nilaumu kwa yote mawili.

Jana nilimwambia na yeye. Sikujua nianzie wapi, nikaanzia kwenye lebo. Hakulia. Alisema, "Nilijua, shangazi. Nilizipanga zile sketi tatu kitandani, moja juu ya nyingine."

Dada yako.

8 Mei

Kaka,

Sijui kama u mzima, maana Jumapili nne simu haijalia. Binti yako huiweka mezani na kuigeuza uso juu. Haulizi.

Hakuna aliyemvua nguo ovyo. Daktari ni mama wa makamo. Ruhusa alimwomba yeye, siyo mimi, kisha akamuuliza kama anataka nibaki. Akasema nibaki, ila nitazame dirishani. Nikatazama dirishani.

Daktari alitaka kujua amekuwa akirefuka vipi mwaka hadi mwaka. Kadi yake ya kliniki inaishia miaka mitano. Nikatoa daftari langu kwenye mkoba. Akafungua kurasa, akaniuliza, "Nani ameandika hivi, na tarehe juu?" Nikasema ni fundi wa sare. Akatia nukta kwenye karatasi ya mistari, akaziunganisha. Mstari ulipanda kama ngazi, halafu ukalala kama sakafu.

"Aliyechelewa kama baba yake hukua polepole, lakini haachi," akasema. "Huyu ameacha."

Walimtoa damu. Majibu yamekuja: ni tezi ya shingoni, haifanyi kazi yake. Ndiyo iliyoleta baridi, usingizi na uzito, na ndiyo iliyomsimamisha. Atakunywa kidonge kimoja kila asubuhi kabla ya kula, na damu ipimwe tena kila baada ya muda. Mwili ukiamka, balehe inatarajiwa kufuata.

Nilimuuliza daktari ingekuwaje kama tungekuja mwaka jana. Hakunipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Akasema, "Kuna sentimita ambazo huenda hazitarudi. Tuzifuate zilizobaki." Nimeyaandika kwenye shajara kama alivyoyasema, sikuyapunguza.

Dada yako.

19 Juni

Mdogo wangu,

Nipo. Mgongo uko salama, moyo ndio ulioumwa.

Mwezi mzima niligombana na wewe kichwani, na nilishinda kila siku. Kisha nikafungua bati la biskuti, nikatoa picha za Januari mbili zilizopita, nikaibandua na ile ya juu ya kitanda, nikazipanga zote tatu mezani. Mlango ni ule ule. Ya kwanza, kichwa chake kiko chini kidogo ya lile komeo la juu. Ya pili, hapo hapo. Ya tatu, hapo hapo. Mimi fundi wa kuchomelea, ninayemrudisha kijana wa watu akate upya chuma kwa ajili ya milimita mbili, nimelala chini ya picha hiyo miezi mitano na sikuona kitu.

Wewe ulidanganya kwa lebo. Mimi nilipenda kudanganywa. Nikiwa mbali, lebo ilinitosha.

Sitasema nimekwisha kukusamehe, nisije nikabandika na mimi lebo yangu. Nimeanza. Jumapili nitapiga. Yeye ndiye nitakayemwomba radhi kwanza.

Na kuanzia sasa, ukiniandikia, usianze na "hatujambo". Hatujambo yenu siiamini. Anza na kipimo.

Kaka yako.

9 Januari

Kaka,

Kimo: sentimita mia moja arobaini na tatu na nusu. Saizi: thelathini.

Daktari ameridhika na majibu ya damu. Sweta liko kabatini. Mwalimu wa hesabu ameniita tena, safari hii analalamika kwamba mwanao anaongea mno darasani. Nilimjibu samahani huku nacheka. Chekechea bado wanamwita. Juzi aliwajibu, "Chekechea nahitimu mwaka huu, nyinyi je?" Lile jambo lingine limeanza, kwa udogo wake. Amenikataza kukuandikia zaidi ya hapo, nami nimekubali.

Jana alifika kupimwa pamoja na wasichana wale wale watatu. Nikapima kwa zamu, nikisoma kwa sauti. Nilipofika kwake, mkono una mazoea yake, kaka. Mdomo ulikwisha kufunguka niseme arobaini na nne. Akaushika utepe, akauinamia mbele ya wenzake.

"Shangazi, soma kilichopo."

Nikasoma kilichopo. Akaninyang'anya penseli, akaandika mwenyewe kwenye daftari, na tarehe juu. Walipoondoka alichukua wembe, akaifumua ile lebo ya thelathini na mbili kutoka kwenye sketi ya mwaka jana. Anasema anaiweka, ataidai siku yake ikifika.

Picha iko humu ndani, mlango ule ule. Maneno yangu usiyaamini. Tazama komeo.

Dada yako.