Zamu ya Shamba Langu

Jumatatu, 3 Desemba 1951
Nimeshona kamba za nira tangu alfajiri. Leo kikundi chetu cha kulimiana kwa zamu kimelima kwa Masanja, kwa ngoma kama kawaida. Sikwenda. Nimemtuma kibarua na jembe langu jipya. Mikono miwili ni mikono miwili, iwe yangu au yake. Wao nusu siku wanalima, nusu siku wanakunywa na kucheka. Mimi niliingia Igalula na kaptula moja. Leo ni mimi peke yangu hapa mwenye mkokoteni na ng'ombe wa kuukokota. Sikuupata kwa kucheza.

Alhamisi, 13 Desemba
Wamelima mashamba mengine matatu. Kibarua kaenda kote. Nyamizi, mke wangu, asema Masanja aliniulizia mara mbili. Aniulizie ya nini? Jembe langu lilikuwepo. Tulibatizwa siku moja, anajua nina kazi.

Jumatano, 19 Desemba
Zamu ya shamba langu. Nyamizi kapika sufuria tatu. Nikangoja ngoma.

Hawakuja. Wametuma watu! Masanja kamtuma shangazi yake, kibogoyo, anatembelea fimbo. Mwingine kamtuma mjukuu anayenyonya kidole. Mwingine mbuzi, kafungwa jembe shingoni.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Nimeambiwa unataka mikono. Hii hapa, miwili. Ihesabu."

Wakala chakula chote. Mbuzi naye. Hakuna tuta hata moja. Kijiji kizima kinacheka mpaka sasa, nawasikia kutoka hapa. Masanja ndiye aliyepanga, najua. Nitamlipa. Nitawalipa wote.

Jumapili, 6 Januari 1952
Nimelima nusu ya shamba na kibarua. Nusu imemezwa na majani. Mgongo umekwisha.

Kanisani Masanja kanipa mkono. Nikaupita kama mlingoti.

Wamesahau jambo moja. Karanga zao hazina miguu ya kwenda stesheni. Kila mwaka nawapakilia mimi. Mei itafika. Nalala vizuri nikiifikiria Mei.

Jumatatu, 19 Mei
Imefika.

Masanja kaja kofia mkononi. Magunia ya watu wote yako tayari, mnunuzi anangoja stesheni mpaka Alhamisi.

"Ndugu yangu, tunaomba mkokoteni."

"Mkokoteni umechoka. Mpakie yule mbuzi."

Utamu wake! Nimeyatunza maneno hayo tangu Januari. Kavaa kofia, kaondoka.

Jumatano, 21 Mei
Wanabeba kichwani. Kama babu zao walivyobeba pembe za ndovu mpaka pwani. Wamegawa magunia mizigo midogo midogo na wamepita mbele ya mlango wangu kwa makusudi, maana njia fupi iko kule bondeni. Masanja mbele anaanzisha, wengine wanaitikia. Jina langu limo kwenye wimbo. Si kwa sifa.

Nikatoka nje nione nani anacheka zaidi. Katikati ya mstari, Nyamizi. Mke wangu! Mzigo kichwani, anaitikia kwa sauti kuliko wote. Hakugeuka.

Nimeshinda. Ng'ombe wamesimama zizini, wamenona. Nimezunguka uani nikitafuta wa kumwambia kuwa nimeshinda.

Alhamisi, 22 Mei
Safari ya mwisho ya karanga.

Asubuhi nilipakia zangu kwenye mkokoteni. Nikafunga nira. Nikasimama. Kisha nikafungua nira, nikashusha mzigo mmoja, nikajitwika. Nikaingia nyuma ya mstari. Hakuna aliyenisalimu. Nyamizi kaniangalia mara moja tu.

Ule wimbo waliuimba vilevile, na jina langu ndani. Mwitikio wake ni rahisi. Hatua zinakwenda nao, utake usitake.

Tulipumzika chini ya miti ya mininga. Masanja alikuwa amekaa kwenye gogo. Akasogea kidogo, bila kunitazama. Nikakaa. Kibuyu cha togwa kilikuwa kinazunguka. Kikanifikia, nikanywa, nikampa wa pembeni.

Hasira bado ninayo. Shingo inauma zaidi.