Harold wa Jeshi Gani?

Missouri City, Alhamisi

Patroba, mwana wa kaka yangu,

Natumaini Joyceline amepata nguvu baada ya kujifungua, na unga wa wimbi niliomtumia umefika. Mimi ni mzima, ila sina raha tangu uliponipigia simu kusema mtoto ataitwa Harold.

"Shangazi, maana yake ni kiongozi wa jeshi," uliniambia kwa fahari. Nimefungua vitabu vyangu, na ni kweli: Waingereza wa kale waliunganisha neno la jeshi na la utawala. Edward naye ni mlinzi wa mali, na Alfred ni mshauri wa majini na mapepo! Sasa jeshi gani hilo, Patroba, hapo ghalani Mesquite unapopakia makatoni ya viatu? Sisi Wakisii tunampa mtoto jina la aliyetutoka, na baba yako Ombati hajatimiza mwaka kaburini.

Usinidanganye kwamba shuleni watamcheka akiitwa Ombati. Unaogopa kuliita jina hilo kila asubuhi kwa sababu hukwenda kumzika. Wewe ulizuiwa na makaratasi ya uhamiaji. Mimi nilikuwa na pasipoti na likizo, nikabaki hapa ughaibuni kwa kiburi, kisa ugomvi wangu na baba yako wa mpaka wa shamba. Hilo sijamwambia mtu mwingine.

Fomu ya cheti cha kuzaliwa usiipeleke bado. Jumamosi ninakuja. Nataka kumpakata Ombati, nimwite kwa jina lake, nimwombe msamaha.

Shangazi yako asiyejua kunyamaza,
Kerubo