Mtani Hapangishwi Chumba

Jumatatu, 4 Machi
Chumba cha mbele bado kitupu. Wamekuja wawili. Kijana wa Goweko, anauza tumbaku. Nguo zake zinanuka mpaka uani. Nimekataa. Wa pili hana mke, na jicho lake halitulii binti za watu wakipita. Nimekataa. Tangu nifiwe na mume wangu, wapangaji nawachekecha mwenyewe kama unga. Kabila gani, kazi gani, nani anakujua hapa Tabora.

Jumatano, 6 Machi
Amekuja fundi seremala, Kondo, na mkewe, mtoto mchanga mgongoni. Wameshuka garimoshi jana, hawana mtu hapa. Nikampenda. Nilikuwa nimeshafungua mlango wa chumba ndipo nikauliza kabila. Mzaramo! Nikamtajia langu, akacheka: "Kumbe wewe Mnyamwezi? Basi nyumba hii yangu, mtumwa wangu wee, toka ukalale nje!"
Nikafunga mlango. Mtani simpangishi. Ukimdai kodi anakutania, ukinuna watu wanakucheka wewe. Siku ya kumzika mume wangu watani walibeba jogoo na kanzu yake ya Idi. Ndiyo mila.
Yule mtoto alikuwa akikohoa. Nilimsikia.

Alhamisi, 7 Machi
Mvua tangu alfajiri. Jirani yangu Bi Tausi anasema Mzaramo na mkewe wanalala kwenye baraza la soko. Kwani mwenye nyumba mtaa mzima wa Ng'ambo ni mimi tu? Nina hasira, sijui na nani.

Jumamosi, 9 Machi
Mvua. Nimefagia chumba cha mbele, hakuna anayekuja kukiona. Jioni nikajifunika kaniki nikaenda sokoni. Hawapo. Wamepewa kibanda na mwadhini, mtoto hoi. Nikasema kesho nitawafuata. 

Jumapili, 10 Machi
Sikwenda. Nimeogopa kuchekwa.

Jumatatu, 11 Machi
Mtoto amefariki. Kichomi.
Kondo katuma mtu: mtani wake aje. Tabora imejaa Wanyamwezi, lakini anayemjua ni mimi. Nimekwenda. Nimefagia, nimeteka maji, nimewapikia uji wafiwa. Ikabaki kutania. Watu wananitazama, wanangoja nimwage upuuzi wangu wafiwa wapate kucheka kidogo. Nikafungua kinywa, nikalia. Mtani halii msibani, hiyo si kazi yake. Hata hilo dogo nimeshindwa kumpa.

Jumapili, 17 Machi
Wamehamia chumba cha mbele. Niliwafuata mwenyewe, sikuuliza hata swali moja. Kondo ametengeneza mlango uliokuwa ukikwama, hakuna aliyemwambia. Mkewe kaanika kanga uani.
Asubuhi Kondo alipita ukumbini. Akainamisha kichwa. "Shikamoo, mama."
Mtani hamwamkii mtani hivyo. Nikaitika marahaba. Nikangoja aniite mtumwa wake, aniambie nitoke nikalale nje.
Akachukua msumeno wake, akaenda kazini.